Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeona kwamba kisu si dawa ya uvimbe wa taya la mtoto

MSOMAJI wangu, wiki iliyopita tulizungumzia saratani za ngozi ya uso na shingo, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Nilisisitiza kwamba kwa magonjwa yale upasuaji ndiyo tiba ya kwanza: kidonda kikatwe mapema, kikatwe chote, pamoja na ukingo wa ngozi nzima inayokizunguka. Baada ya makala ile, mzazi mmoja mwenye duka la vitenge pale Kariakoo alinifikishia swali zuri. Katika ukoo wao kuna mtoto aliyeletwa Dar es Salaam kutoka Kanda ya Ziwa akiwa na uvimbe mkubwa wa taya. Hospitali wamekata kipande kidogo tu cha nyama, wakamrudisha wodini, wakamtundikia dripu. Sasa, kama saratani za kichwani na shingoni hukatwa, mbona huyu ameachiwa uvimbe wake? Nyumbani watu walishaanza kunong'ona kwamba labda fedha haikutosha, au daktari ameogopa kukata.

Daktari hakuogopa. Anapita njia iliyofunguliwa hapahapa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 60 iliyopita, na aliyeifungua alikuwa mwenyewe daktari wa upasuaji, mtu wa visu na mikasi, tena mwenye jicho moja. Nimeona nikusimulie maisha yake. Ukimwelewa yeye, utaelewa kwa nini mtoto yule hakukatwa, na utajua la kufanya siku ukiona taya la mwanao limevimba.

Jina lake ni Denis Parsons Burkitt. Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya, mtu wa barabara na madaraja, lakini akitoka kazini alikuwa na shughuli nyingine: kufuatilia ndege. Aliwavalisha pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anatawala eneo gani. Weka akilini ramani hizo, kwa sababu mtoto alizirithi bila mwenyewe kujua.

Akiwa na umri wa miaka 11, wanafunzi walirushiana mawe. Jiwe moja lilipiga miwani ya Denis, vipande vya kioo vikaingia katika jicho la kulia, na jicho hilo likapotea. Alipoingia chuo kikuu cha Trinity, Dublin, mwaka 1929, alianza na uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935 na miaka mitatu baadaye akapata ubingwa wa upasuaji kule Edinburgh. Alikuwa Mkristo mwenye imani kali na alitaka kufanya kazi Afrika. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni huko Afrika Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta huku: jeshi la Uingereza lilikuwa na uhitaji wa madaktari wa upasuaji na halikujali sana habari za jicho, likampeleka Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapangiwa Uganda, katika mji mdogo wa Lira, wilaya ya Lango.

Hapo Lira kulitokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, lakini mimi nadhani ndilo lililomfanya Burkitt awe Burkitt. Wagonjwa wake wengi wanaume walikuja na busha. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa busha na matende ni nini. Daktari mwingine angefanya upasuaji, akaandika kwenye daftari, akaita anayefuata. Burkitt alianza kumuuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Aligundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya wanaume wenye busha walikuwa wengi mno, na upande wa magharibi walikuwa wachache sana. Wilaya ni moja, hospitali ni moja, lakini ugonjwa una mipaka yake. Sababu ilikuwa vijidudu vya matende vinavyosambazwa na mbu, ambavyo havikuenea sawasawa kila mahali. Alichora ramani, akaichapisha katika jarida la kitabibu. Mtoto wa mtu wa ndege alikuwa amefanya ramani yake ya kwanza.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, na kwa miaka karibu kumi alifanya kazi ya kawaida ya daktari wa upasuaji katika hospitali kubwa yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda.

Kisha ukafika mwaka 1957. Dk. Hugh Trowell, aliyekuwa akisimamia wodi ya watoto, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, juu na chini: pembe nne za mataya, zote kwa pamoja. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt alishangaa. Jipu la jino huwa upande mmoja. Uvimbe wa kawaida wa taya huanza sehemu moja. Huu wa sehemu nne hakuwahi kuusoma popote. Alimpiga picha mtoto yule na kuandika maelezo yake, lakini hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa ziarani katika hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho dirishani akamwona mtoto wa kike amekaa nje kwenye majani na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Akatoka kumpima, akakuta tumboni nako kuna uvimbe. Hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba hili si ajali ya mtoto mmoja. Aliporudi Mulago alifukua mafaili ya zamani na kuwakuta watoto wengine: huyu aliandikwa ana saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya ini, mwingine ya mifuko ya mayai. Kila mmoja alikuwa amewekewa jina la kiungo kilichovimba. Burkitt aliyaunganisha mafaili hayo akasema huu ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38. Baadaye kidogo mtaalamu wa maabara, Gregory O'Conor, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alionyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe nyeupe za kinga ya mwili. Leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt.

Sasa tufike kwenye kisu.

Burkitt alikuwa na vifaa vya upasuaji, na Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi. Kwa hiyo alifanya alichofundishwa: alikata. Kukata uvimbe wa taya la mtoto si kazi ndogo. Unaondoa mfupa, unaondoa meno, unamwachia mtoto uso uliobonyea, mdomo usiofunga, chakula kinachomwagika. Yote hayo yangevumilika kama mtoto angepona. Lakini hawakupona. Uvimbe ulirudi palepale au ulitokea tumboni, na ndani ya miezi michache mtoto alikuwa amefariki. Hii ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote tunazozijua kwa binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukikata leo, kabla nyuzi hazijatolewa tayari umerudi. Tena, kama mafaili yalivyoonyesha, taya ni sehemu inayoonekana tu. Ugonjwa wenyewe mara nyingi umeshafika kwenye figo, kwenye ini, wakati mwingine kwenye uti wa mgongo. Huwezi kumkata mtoto kila mahali.

Hii ndiyo tofauti na saratani ya ngozi tuliyoizungumzia wiki iliyopita. Ile hukaa muda mrefu mahali pake, ina mpaka, na daktari akiufuata mpaka huo kwa kisu anaweza kuimaliza. Hii ya taya haina mpaka wa kuufuata.

Dawa za saratani zilikuwa changa wakati huo. Mwaka 1960 mtaalamu kutoka New York, Joseph Burchenal, alifika Afrika Mashariki akitafuta mahali pa kuzijaribu kwa saratani zinazokua haraka. Burkitt alianza kutoa methotreksati. Nairobi, Dk. Peter Clifford naye alikuwa akizitumia dawa za aina hii kwa watoto wenye ugonjwa uleule. Walichokiona hakikuwa kimetegemewa. Uvimbe ulioziba jicho ulianza kunywea ndani ya siku chache. Uso wa mtoto ukarudi. Wengine uvimbe ulirudi baadaye wakafariki, lakini wapo waliopata dozi moja au mbili tu na wakapona moja kwa moja, wakakua. Kwa madaktari wa dunia nzima hiyo ilikuwa habari kubwa, maana wakati ule wengi waliamini dawa peke yake haiwezi kuponya saratani. Miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba inawezekana ulitoka katika wodi za Kampala na Nairobi, kwa watoto wa wakulima.

Burkitt angeweza kujitetea, aseme yeye ni mtu wa upasuaji na mambo ya dripu awaachie wengine. Hakufanya hivyo. Kwa ugonjwa huu aliweka kisu chini, akakibakizia kazi moja tu: kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kipimo. Kazi hiyo ndiyo aliyofanyiwa mtoto wa ukoo wa yule mzazi wa Kariakoo. Kile kipande, tunachokiita kinyama, ndicho kinachosema ni saratani gani na dawa ipi itumike. Ile dripu ndiyo tiba yenyewe.

Turudi nyuma kidogo, kwenye swali lake la tangu Lira: mtoto anatoka wapi?

Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe, akazituma zipatazo 1,200 kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona ugonjwa huu. Kila jibu likawa pini kwenye ramani ya ukutani. Pini zikafanya mkanda katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Hakuridhika na barua. Alinunua gari aina ya Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250, na Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wamisionari wawili, madaktari Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alijua pia kutengeneza magari, jambo lililokuwa na faida kuliko shahada yoyote kwa barabara za wakati ule. Walisafiri wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, kupitia Kenya, Tanganyika, Malawi ya leo, Zambia na Zimbabwe za leo, Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Kila hospitali waliingia, wakaonyesha picha, wakauliza. Ilikuwa miezi ileile Tanganyika ikijiandaa na Uhuru.

Waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa ukiisha ghafla ukipanda milimani. Karibu na ikweta, ukishavuka mita 1,500 hivi huukuti. Na kadiri unavyokwenda kusini, ndivyo unavyokoma chini zaidi. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi aliyekuwa Entebbe, ndiye aliyemfumbua macho: haukuwa urefu wa mlima, ulikuwa ubaridi. Ugonjwa ulihitaji joto na mvua. Nani mwingine anahitaji joto na mvua? Mbu.

Sisi Waafrika Mashariki tulikuwa na ushahidi mwingine mlangoni. Unguja na Pemba zina joto na mvua kama Pwani yetu, lakini ugonjwa huu ulikuwa haba huko, na visiwa hivyo vilikuwa vimepambana sana na malaria. Polepole ikaanza kueleweka kwamba mtoto anayeugua malaria mara kwa mara tangu uchanga, kinga yake huyumba, na saratani hii hupata nafasi.

Lakini mbu si maelezo yote. Kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa amezungumza katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Baada ya hapo vinyama vya watoto wa Kampala vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London. Miaka miwili Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kinyama kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini, akakuta chembe za saratani zinaelea, ziko hai. Akazikuza. Mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya chembe hizo wameona virusi vipya. Ndivyo vinavyoitwa virusi vya Epstein-Barr, virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Mzazi, hapa nisikilize vizuri, maana neno virusi huleta hofu. Virusi hivi hukaa kwenye mate na karibu kila mtu mzima duniani anavyo, mimi na wewe tukiwemo. Watoto wetu wengi huvipata wakiwa wadogo sana na hawadhuriki. Saratani hutokea kwa wachache mno, pale virusi, malaria ya mara kwa mara na hitilafu ndani ya vinasaba vya chembe moja vinapokutana. Kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe wa taya hamwambukizi mwenzake saratani. Asitengewe kikombe wala kitanda. Na mama asiulizwe alikula nini akiwa mjamzito au alimkosea nani.

Kuhusu malaria, hapa Tanzania kulifanyika utafiti mkubwa. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walio chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini kwa mpango maalumu, kuona kama malaria ikipungua saratani hii nayo itapungua. Ilipungua kweli, kisha ikapanda tena wakati klorokwini ilipoanza kushindwa na vijidudu. Lakini kupungua huko kulikuwa kumeanza hata kabla ya vidonge, hivyo watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika. Mimi kama daktari, jibu hilo la nusunusu linanitosha kumwambia mzazi alale na mtoto ndani ya chandarua. Faida zake nyingine tunazijua.

Sasa tuje mjini kwetu. Kariakoo ni mahali ambapo Tanzania nzima hukutana. Mfanyabiashara anakuja kufunga mzigo kutoka Musoma, Mwanza au Kigoma, anafikia kwa ndugu Ilala au Buguruni, na mara nyingi huja na mtoto ambaye huko alikotoka dawa zimeshindwa. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa mjini naye hana kinga ya ajabu dhidi ya ugonjwa huu. Ndiyo maana hata kwenye zahanati ya mtaani lile swali la Lira linatufaa.

Si kila uvimbe wa taya ni saratani, na sitaki ulale na hofu. Matumbwitumbwi huvimbisha mashavu pamoja na homa na hupoa ndani ya siku kadhaa. Jipu la jino huuma, huwa na jino bovu, na hupungua kwa dawa na matibabu ya jino. Uvimbe ninaotaka ukutie wasiwasi ni ule unaokua siku hadi siku kwa mtoto wa miaka minne, mitano, sita au saba, mara nyingi bila maumivu makali, huku meno yake yaliyokuwa imara yakilegea na kupinda bila sababu. Wakati mwingine jicho linaanza kutoka nje. Tumbo linaweza kujaa. Na mtoto akianza kushindwa kutembea au kuzuia mkojo, usingoje hata siku moja, maana uti wa mgongo umebanwa.

Meno kulegea ndiko kunakowapoteza wengi. Mtoto anapelekwa kung'olewa jino, uvimbe unazidi. Anang'olewa la pili. Au anapelekwa kuchanjwa chale na kubandikwa majani. Nimeona watoto waliopoteza mwezi mzima kwa namna hiyo, na kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, mwezi ni mrefu sana. Kama umepewa dawa za jipu na uvimbe unaendelea kukua, usiombe dawa nyingine kali zaidi. Omba rufaa. Kutoka zahanati utakwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kwa Dar es Salaam safari hiyo kwa kawaida huishia Muhimbili, ambako kuna wodi ya watoto wenye saratani. Walio Kanda ya Ziwa hawana haja ya kusafiri hadi huku kwanza. Bugando, Mwanza, wanautibu. Kuhusu gharama, kamwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ileile ya kwanza. Usisubiri deni likue ndipo useme huna.

Ukifika, utaulizwa ruhusa ya kuchukua kinyama, kupima damu, kupiga picha ya tumbo, na kuchoma sindano mgongoni kutoa maji kidogo. Sindano hiyo ya mgongo huogopwa kwamba italemaza. Hailemazi. Inatuonyesha kama ugonjwa umefika kwenye ubongo, na kupitia hapohapo dawa huingizwa.

Dawa zikianza, chembe nyingi hufa kwa mkupuo na takataka zake huelekea kwenye figo. Ndiyo maana mtoto huwekewa maji mengi na wauguzi hupima kila tone la mkojo. Ukiambiwa utunze mkojo kwenye chupa, utunze. Si usumbufu wa bure. Nywele zitanyonyoka, zitaota tena.

Kisha itakuja siku ya hatari ambayo haifanani na hatari. Baada ya wiki moja au mbili uvimbe umenywea, mtoto anacheza, anaomba chipsi. Baba ana duka limefungwa, mama ameacha wengine kijijini. Familia inaona amepona, inaondoka. Lakini dozi hutolewa kwa awamu, na zile zinazobaki ndizo zinazoua chembe zisizoonekana. Burkitt alikuwa na bahati ya kuona wachache waliopona kwa dozi moja; walio wengi uvimbe uliwarudia, na ukirudi huwa mgumu zaidi kuutibu. Muulize daktari kalenda nzima ya dozi kabla hujatoka wodini, iandike, na mpange nani atamleta lini.

Jambo jingine la nyumbani kati ya dozi na dozi: homa. Dawa hizi hushusha kinga. Mtoto akichemka usiku, usimpe panado ukangoja asubuhi mwendokasi uanze. Chukua bajaji, chukua bodaboda, amka jirani mwenye gari, umrudishe hospitali usiku huohuo, na useme mapokezi kwamba mtoto yuko kwenye dawa za saratani.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda miaka ya 1960 katikati, akahamia London kuendelea na utafiti. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kimekua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Uingereza alifanya kazi ambayo huko wanamkumbuka kwayo kuliko hata uvimbe wa taya. Akiwa na Trowell, yule aliyemwita wodini mwaka 1957, aliuliza tena swali la ramani: kwa nini wagonjwa wa Uganda hawakuwa na magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Ulaya? Alisema ni kwa sababu ya makapi ya vyakula, yale tunayoyapata kwenye dona, maharage na mchicha. Mwaka 1979 aliandika kitabu cha kuwahimiza Wazungu wasisahau makapi kwenye mlo. Utafiti wa baadaye haujakubali kila alichosema, lakini ushauri wenyewe ni mzuri, na inachekesha kidogo kwamba Wazungu walianza kutafuta unga usiokobolewa wakati sisi tunauita dona chakula cha bweni na kukimbilia sembe.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82. Aliacha mke wake, Olive, waliyeoana mwaka 1943, na mabinti watatu.

Wiki ijayo nitajibu maswali yenu kuhusu malengelenge na madoa ya ngozi kwa watoto wachanga. Waliouliza kuhusu kofia na mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, nanyi sijawasahau. Zamu yenu inafuata.